Fundi Huanza na Soketi Nzima

Stima ikipotea mtaa mzima, hapa Nyeri hakuna anayepagawa. Watu hutoka nje kuhakikisha kwamba jirani naye yumo gizani, na wakishaona mtaa wote wa Ruring'u umezimika hurudi ndani kutafuta mshumaa. Giza la wengi lina afueni yake. Lakini soketi mbili za jikoni zikifa ilhali taa inawaka na redio inaendelea na matangazo ya vifo, hiyo ni dhiki ya nyumba moja. Mwenye nyumba huipiga soketi kiganja. Huchomeka birika, hulichomoa, hulichomeka tena kwa nguvu zaidi. Hatimaye huvuta ekstensheni kutoka chumba cha kulala, ikapita chini ya zulia na kukatiza mlango, na baada ya siku chache watoto wa nyumba hiyo wamekwisha kuzoea kuiruka. Fundi huitwa mtu anapojikwaa.

Fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Sina neno na yule anayepanda nguzo. Yeye sifa zake anazo, watoto humtazama kutoka chini na akiunganisha waya mtaa wote hupiga vigelegele. Huyu wangu hupiga magoti kando ya sinki, uso ukutani, testa kinywani, na hakuna anayemtazama. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kufikiri, na kufikiri hakuonekani, kwa hivyo ni vigumu mtu kuilipia kazi hiyo.

Jikoni za miji hii ya Mlima Kenya zina historia fupi na mzigo mkubwa. Wengi wetu tulilelewa na jiko la nje: mawe matatu, moshi, masizi darini na sufuria ya githeri iliyochemka tangu mchana. Kisha ikaja nyumba ya mawe yenye jikoni ndani, na siku ya kuingiza waya pesa zikawa zimeishia kwenye mabati, basi jikoni ikapewa soketi moja au mbili. Leo hizo mbili zinadaiwa friji, birika, mikrowevu, blenda na chaja za simu za watu wanne. Vijijini, Tetu na Mukurwe-ini na Mathira, wengi waliunganishiwa baada ya 2015, serikali ilipozindua mradi wa kusambaza stima mashinani na ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba nyingine ndogo zilipewa ubao mmoja tu uliokwisha kufungwa kila kitu: swichi, soketi, pa kutia balbu, basi. Ubao huo haukutengenezewa jiko la stima, lakini mwenye jiko la stima hajaambiwa hivyo.

Niseme jambo hapa hata kama linanitoa njiani. Maji ya mlima huu na ya Nyandarua ndiyo yanayoingia Mto Sagana, na Sagana ndio Tana, na Tana ndiyo iliyojengewa Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mvua iliyotunyeshea sisi iliwasha Nairobi kwa miaka mingi kabla ya bibi zetu kuona balbu. Sisemi kwa kulalamika, nasema ili ieleweke kwa nini huku, mtu akiunganishiwa stima, hutaka kuitumia yote kwa siku moja.

Halafu kuna baridi. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti manyunyu na ukungu vinaweza kukaa siku nyingi bila mlima kuonekana. Katika miezi hiyo birika halipoi. Chai ya alfajiri, maji ya kunawa uso, maji ya mtoto, chai ya saa nne, maji ya miguu ya mzee. Birika la wati 2,200 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta kama ampia 9, na huzivuta zote kupitia skrubu moja ndogo iliyofichwa nyuma ya soketi. Skrubu hiyo ikiwa imekaza, hakuna habari. Ikiwa imelegea kidogo tu, kiasi cha kuweka ukinzani wa nusu omu, basi kila chai inapochemka joto la wati 40 linazaliwa mahali pasipotoshea ncha ya kidole. Shaba ikipata moto hutanuka, ikipoa hunywea, na kila mara skrubu inazidi kuachia. Hivyo soketi hufa polepole, kwa miezi, huku ikifanya kazi.

Mwaka jana nilikaa kwenye stuli nikamwangalia fundi mmoja kijana akitafuta kasoro ya namna hiyo nyumbani kwa mama mzee upande wa Gatitu. Soketi zilikuwa tatu: moja chini ya dirisha, moja kando ya friji, moja karibu na mlango. Ya dirisha ilikuwa nzima, nyingine mbili zimekufa. Kijana hakufungua mkoba. Alivuta kiti, akapokea kikombe cha chai, akaanza kumuuliza cucu, yaani bibi.

"Cucu, ni gani ilitangulia kufa?"

"Zilikufa pamoja. Nilikuwa nachemsha maji."

"Birika ulikuwa umelichomeka wapi?"

"Hapo dirishani. Ndipo huwa."

"Na hapo bado panafanya kazi?"

"Panafanya, kijana wangu. Ila asubuhi panatoa harufu ya samaki. Na mimi samaki sijawahi kumwingiza kwa hii nyumba."

Msomaji wa pwani atashangaa, lakini kwa wazee wa Kigikuyu samaki si chakula, na harufu yake jikoni ni jambo la kuulizwa. Fundi aliinamisha kichwa, akatabasamu. Plastiki za soketi na waya zikipata moto kupita kiasi mara nyingi hutoa harufu hiyohiyo. Naamini tangu hapo alikwisha kujua. Lakini hakusema, na hapo ndipo heshima yangu kwake ilipoanza, kwa sababu fundi mbaya angeisema palepale kisha angetafuta ushahidi wa kuthibitisha maneno yake.

Alitoa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo shingoni, akaingia kwenye soketi iliyokufa. Tundu la kulia, la laivu, likawaka. Akahamia la kushoto, la nyutro. Nalo likawaka. Mjukuu aliyekuwa amesimama mlangoni akasema stima imejaa pande zote mbili, labda ndiyo maana inakataa. Ni kosa la kueleweka. Mtu akiona taa mbili hudhani pana stima mara mbili. Fundi akanyoosha mkono, akachomoa friji, akapima tena. La kulia linawaka, la kushoto kimya.

Kwa taa ile moja kuzimika, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Stima huja kwa laivu, hupita ndani ya friji, hurudi kwa nyutro. Nyutro ikikatika mahali fulani kabla ya kufika nyumbani kwake, stima inavuka friji kisha inakwama ng'ambo, ikisubiri pa kwenda. Ndiyo iliyowasha tundu la kushoto. Friji ikitolewa, daraja limetolewa. Kwa hiyo laivu ni nzima, breka ni nzima, soketi zenyewe pengine ni nzima, ni nyutro iliyokatika. Na ole wake anayeona friji haifanyi kazi akadhani hapana stima, akaingiza vidole. Soketi ya aina hiyo imekufa kwa birika na iko hai kabisa kwa binadamu.

Bado kulikuwa na swali: imekatika wapi? Hapa inabidi nimtaje mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga Gatitu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uingereza iliunda kamati ya watu 20 kufikiria nyaya za nyumba zitakazojengwa vita vikiisha. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyetumia maisha yake kutetea stima iwapunguzie wanawake kazi za nyumbani. Kazi ya kamati hiyo ndiyo iliyozaa kiwango cha BS 1363 cha mwaka 1947, na pamoja nacho plagi tunayoitumia mpaka leo, ya miguu mitatu na fyuzi tumboni. Shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo wakabuni pia mzunguko: waya unatoka kwenye boksi la breka, unapitia kila soketi, unarudi bokseni. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Mkoloni aliuleta utaratibu huo, na mafundi wetu wakaurithi.

Uzuri wa mzunguko ndio ubaya wake. Ukikatika mahali pamoja, hakuna soketi inayokufa. Stima inakuja kwa upande wa pili, na mwenye nyumba anaendelea kunywa chai asijue kwamba waya mmoja sasa unabeba mzigo wa wawili. Basi fundi akiona soketi mbili zimekufa kwa pamoja na moja imebaki, anajua huo si mzunguko mzima. Ama umekatika mara mbili, ama aliyefunga nyumba aliamua kuokoa waya akaziunganisha kwa msururu: boksi, dirisha, friji, mlango. Katika msururu, anayekatika humnyima kila aliye nyuma yake. Na waya unaowalisha wafu unatokea mgongoni mwa wa mwisho aliye hai.

Kwa hiyo kijana aliziacha zile mbili zilizokufa, akaenda kufungua ile nzima.

Hapo ndipo ninapotaka kukawia. Mtu asiye fundi angeanza na zilizokufa, kwa sababu ndizo zinazolia. Angezinunulia uso mpya pale mjini, angezifunga, zingebaki zimekufa, kisha angeanza kupasua ukuta. Nimeona kuta zilizopasuliwa hivyo Karatina na Nanyuki, zikazibwa kwa saruji isiyolingana na rangi. Kuiacha soketi inayolalamika na kwenda kuihoji isiyolalamika kunataka mtu aiamini hoja yake kuliko macho yake, na hilo halifundishwi kwa wiki moja.

Kabla ya kugusa chochote alikwenda kwenye boksi la breka na taa yake ya kupimia: kishikio, balbu ya zamani ya uzi wa moto, nyaya mbili zenye ncha. Aliijaribu kwanza upande wa kuingilia wa swichi kubwa, ambao hubaki na moto hata swichi ikizimwa. Ikawaka. Akazima swichi kubwa, akarudi jikoni, akapima soketi. Kimya. Kisha akarudi tena bokseni, akaigusisha pale pale pa mwanzo, ikawaka. Mjukuu akauliza kwa nini anatembea sana. Akamjibu kwamba taa iliyokataa kuwaka inaweza kuwa imeungua njiani kati ya boksi na soketi. Sijui kazi nyingine nyingi ambamo mtu huhoji chombo chake mara mbili ili akiamini mara moja.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mita ya kidijitali niliyoiona mkobani. Alisema anaitumia, lakini mita ni nyepesi mno. Hunasa volti za mizimu zinazoambukizwa na waya wa jirani ndani ya bomba moja, ikaandika namba mahali pasipo na stima ya kazi. Balbu ya uzi haina ujanja huo. Ikipewa mzimu hukaa giza. Balbu za LED nazo hazifai, mzimu huweza kuziwasha. Ndiyo maana anazitunza zile za zamani kwa wivu, amezifunga kwa soksi. Nayo testa ya bisibisi haiwezi peke yake kumwambia kama nyutro ni nzima, na hata ya laivu huweza kuficha ikiwa aliyeishika amesimama juu ya kitu kikavu, maana hutumia mwili wake kama njia.

Alifungua skrubu mbili, akavuta uso wa soketi ya dirisha taratibu. Nyuma yake waya wa laivu, mwekundu wa zamani, ulikuwa sawa. Wa athi, kijani, sawa. Chini ya skrubu ya nyutro kulikuwa na nyaya mbili nyeusi, mmoja unaingia na mmoja unaendelea kwa friji. Wa kuingia ulikuwa umekaa imara. Wa pili ngozi yake ilikuwa imevimba kama upele, shaba imegeuka rangi ya masizi. Aliushika kwa ncha za vidole, akauvuta kidogo, ukatoka wenyewe. Skrubu ilikuwa imebana ule mmoja mnene vizuri na kumwacha mwenzake akiegemea tu. Siku ile birika lilipokuwa likichemka, ukaachia.

"Ndiye huyu," akasema, si kwa sauti ya ushindi.

Alikata waya hadi akafikia shaba inayong'aa. Ulitosha, na hapo nikamkumbuka fundi mwingine ambaye hatukumjua, aliyefunga nyumba hii miaka mingi iliyopita: ndani ya boksi la ukutani alikuwa ameacha akiba ya waya, kama shubiri moja, imekunjwa. Aliyefunga kwa pupa hukata waya unaotosha leo tu. Huyu, pamoja na kosa lake la skrubu, alimfikiria mtu atakayekuja baada yake na kuhitaji kukata mara ya pili. Kijana alikunja ncha mara mbili ili skrubu ipate pa kung'ata, akafunga soketi mpya kwa kuwa ile ya zamani chuma chake kilikuwa kimelegea kwa moto, akavuta kila waya kuona kama unatoka. Akarudisha stima. Alichemsha birika zima, akaacha kiganja juu ya soketi mpaka maji yakachemka, akisikiliza joto. Hapakuwa na joto. Kisha akaenda mlangoni, akatoa kijiti cha kalamu kilichokuwa kimevunjikia kwenye tundu la juu la soketi ile nyingine.

Kalamu hiyo nina ugomvi nayo. Tundu la juu ni la athi, na mguu wa athi kwenye plagi ni mrefu kuliko mingine kwa makusudi: unatangulia kuingia, unafungua vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini, ili kidole au msumari wa mtoto usifike kwenye moto. Sisi tukiletewa chaja ya miguu miwili tunachokora tundu la juu kwa kalamu, vifuniko vinafunguka, tunafurahi. Watoto wanatutazama. Adapta ya miguu mitatu inauzwa kila duka la vifaa.

Si kila soketi iliyokufa ina hadithi ndefu hivi. Nyingine ni swichi yake iliyozimwa na kiwiko, nyingine ni fyuzi ya plagi, na nyingine ni tokeni zimeisha na mwenye nyumba ameshindwa kukiri. Panya wa darini ana sehemu yake. Unyevu wa Julai nao huangusha kile kifaa cha kuhisi stima inayovuja, kinachokata miliampia 30 zikipotea njia, na hapo vyumba vingi huzimika kwa mpigo. Marekani, ambako Charles Dalziel wa chuo kikuu cha California kule Berkeley alibuni chao mwaka 1961, mara nyingi kifaa cha namna hiyo hukaa ndani ya soketi yenyewe karibu na sinki na kuzilinda zinazofuata, kwa hivyo fundi wa huko huanza kwa kutafuta kitufe. Kwetu hukaa bokseni. Au hakipo, na nyumba nyingi za zamani hapa hazinacho, jambo ambalo ni aibu kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko ya friji yoyote.

Halafu kuna waya bandia: alumini iliyovishwa shaba kwa juu, au shaba nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Fundi mzuri huukwaruza waya kwa kisu dukani kabla ya kulipa, na wenye maduka ya mjini wanawajua wanaokwaruza.

Ujuzi huu haukuja kwa bahati. Miaka ya 1970 watu wa Nyeri walichanga kwa harambee ili mji upate Kimathi Institute of Technology, ambayo mwaka 2012 ikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Pia kuna Nyeri National Polytechnic, na wengi zaidi wamejifunza kwa kubeba mkoba wa fundi mwingine kisha wakafanya mtihani wa gredi. Sheria nayo ipo: mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, hutoa leseni kwa madaraja, na la C-2 ndilo la nyumba ya kawaida ya fezi moja. Wapo wasio nayo, wengine wana mikono mizuri kuliko wenye nayo, lakini kwa stima mimi sitaki kubahatisha.

Yule kijana alipotaja bei yake, mjukuu alinung'unika kwamba hakufanya lolote ila kukaza skrubu moja. Cucu alimtuma nje akatoe kuku kwenye mboga, akalipa, akaongeza mayai kwa mfuko wa karatasi.

Basi soketi ya jikoni kwako ikifa, chomoa kila kitu, usiipige, usiichokore. Mwambie fundi ni gani nyingine zilizokufa pamoja nayo, ulikuwa unatumia nini, na kama palikuwa na harufu, hata ya samaki. Muulize leseni kabla hajafungua mkoba. Akianza na soketi nzima, mwache. Na akimaliza mlipe alichotaja, uandike nambari yake ya simu ndani ya mlango wa boksi la breka.